Mheshimiwa Hana Pa Kulala

6 Februari

Mwanangu Cheche,

Marahaba. Najua ungekuwa hapa ungeanza na shikamoo, kwa hiyo naitikia kabisa kabla hujasema. Mimi mzima. Mgongo tu ndio unanikumbusha umri kila nikiinama kwenye meza ya kukatia. Karakana inakwenda vizuri, wiki hii nimejaza magodoro ya nyumba ya wageni nzima na mikono bado inanuka sponji. Jirani yangu fundi cherehani anakusalimu. Bado anaazima mkasi wangu na kuurudisha ukiwa butu, halafu anashangaa kwa nini nanuna. Watu wakiniuliza uko wapi nawaambia binti wa kaka yangu anaunga daraja huko milimani, kisha nanyamaza ili waulize tena.

Sasa nikueleze lililonikuta. Mwenye nyumba amemwaga zege ua mzima, anasema tope limemchosha. Lile shimo la Mheshimiwa chini ya tangi la maji halipo tena. Usishtuke, kobe mwenyewe nilimtoa mapema nikamweka kwenye beseni mpaka zege ilipokauka. Lakini sasa ana kazi ya kutembea ukuta hadi ukuta anatafuta mlango wake, na akifika pale penye tangi anakwaruza zege kwa kucha, anasimama, anakwaruza tena. Sauti ile naisikia mpaka karakana na inaniuma.

Baba yako alimleta kobe huyu nyumbani akiwa amembeba kwenye kofia. Tangu kaka yangu alipotutoka umemtunza wewe, hukunisumbua hata siku moja. Sasa zamu ni yangu, na nimeshaamua: namtengenezea kitanda. Sheria ya nyumba hii unaijua, hakuna anayelala chini. Mimi na baba yako tulilala chini utoto wetu wote tukinyang'anyana gunia, na godoro langu la kwanza nililishona kwa hasira ile. Sasa kobe wake akose pa kulala mbele ya macho yangu?

Barua hii inakuja na dereva wa lori la saruji, maana simu yako huko juu haishiki. Ni mtu wa maneno mengi lakini hapotezi mizigo. Na wewe unalala wapi huko? Hujaniambia.

Shangazi yako


27 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo, hata kama umeshaitikia. Mimi ni mzima, nakula, navaa koti zito maana upepo wa bondeni hauna huruma. Mpe salamu fundi cherehani, na mkasi mfiche.

Kazi imenikubali. Wiki za kwanza msimamizi alinipa ngazi na mageti ya uzio, kazi za kumtuliza mtoto. Mimi nikachomelea mageti yale kana kwamba malori yangepita juu yake. Siku moja akaja na nyundo yake, akagonga kiungo changu, akakigonga tena, akaondoka bila neno. Kesho yake nikapangiwa nguzo za daraja lenyewe. Wenzangu wanasema huyo mzee akisifu ndivyo anavyosifu. Mimi peke yangu ndiye mwanamke katika kikosi, na nakuambia bila haya kwamba naringa.

Kuhusu Mheshimiwa, asante, lakini tafadhali nisikilize kabla hujashika sindano. Yeye hahitaji kitanda. Anahitaji maficho, mahali pafupi penye giza, pa kuingia na kugeuka tu basi. Chini yake panatakiwa udongo wa kuchimbika, wenye unyevu kidogo ukizama ndani, ili ajifukie. Usimwekee maranda ya seremala, vumbi lake litamwasha macho na harufu itamkaa kifuani. Mchanga mtupu nao usimpe, ataumeza na majani ukamgandia tumboni. Na kitambaa usimwekee kabisa. Akipata maficho mawili ni vizuri zaidi, moja upande wa jua na jingine upande wa baridi, achague mwenyewe.

Kama ni usumbufu, yule daktari wa mifugo wa nyuma ya soko alishaniambia yuko tayari kumpokea. Ana ua wa udongo na ana kobe wengine. Hakuna aibu katika hilo.

Nakukumbuka kila jioni harufu ya vyuma ikinitoka puani.

Cheche


15 Machi

Mwanangu,

Salamu zako nimezipata, na za nguzo za daraja nimezisoma kwa sauti karakana nzima ikanisikiliza. Fundi cherehani akauliza kama daraja la kuchomelewa na mwanamke linapitika. Nikamwambia yeye asubiri chini, watu wengine watapita. Hana mkasi wangu hadi leo.

Barua yako ilifika kitanda kikiwa tayari. Ukikiona utanyamaza. Nilichukua lile kabati la vyombo lililovunjika mlango, nikaliosha, nikalisugua msasa mpaka mkono unateleza. Ndani nimeweka godoro dogo la sponji ngumu, ile ninayowawekea wenye maumivu ya kiuno, nimelivika mahameli nyekundu iliyobaki kwenye viti vya ukumbi wa harusi, na pembeni nimelizungushia uzi wa dhahabu. Wateja wanakuja kuagiza makochi wanaishia kumtazama kobe. Mama mmoja aliniuliza kama naweza kumtengenezea mjukuu wake kama hicho.

Kuhusu daktari wa mifugo, nimelisoma neno hilo mara mbili nikidhani macho yangu yamechoka. Mwanangu, mimi nimelaza mji mzima. Nimelaza maharusi na wagonjwa, nimemlaza jaji aliyekuwa haoni usingizi kwa ajili ya mgongo. Mtu akija kwangu namlaza juu ya meza ya kukatia, napitisha kiganja chini ya mgongo wake, na ile nafasi nitakayoikuta hapo ndiyo inayoniambia nijaze nini. Sijawahi kurudishiwa godoro. Halafu kobe mmoja anishinde, na kobe mwenyewe wa kaka yangu? Huyo haendi nyuma ya soko wala mbele yake.

Hali yake ni nzuri. Anatembea sana.

Hujajibu unalala wapi.

Shangazi yako


9 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Huku mvua imetusimamisha siku kadhaa, chuma kikilowa hakichomelewi, tumekaa ndani tunashona matundu ya makoti. Wakagundua kwamba mimi najua kushona, na sasa kila mtu ana koti lililochanika. Nimewashonea kwa mshono wako ule wa kurudi nyuma. Wameuvuta kwa nguvu zao zote haukuachia, nami nikasema huo ni mshono wa nyumbani kwetu.

Kitanda chako naamini ni kizuri, maana sijawahi kuona kitu kibaya kikitoka mikononi mwako. Lakini umeniandikia kabati, sponji, mahameli, uzi na wateja, na hukuniandikia kama Mheshimiwa ameingia humo. Umesema anatembea sana. Shangazi, kobe aliyetulia hatembei sana.

Na rangi nyekundu itoe leo hii, nakuomba. Anaiona kama chakula. Unakumbuka alivyoning'ata kidole cha mguu nilipopaka rangi ya kucha? Akifika kwenye sponji ataimeza.

Sitaki tugombane kwa karatasi. Ila miezi ya baridi inakuja, na kobe akiingia humo hajapata pa kujifukia, si jambo la kubahatisha tena. Ukiondoa mimi na wewe, huyu ndiye pekee aliyebaki mwenye kumjua baba. Kama mpaka baridi ianze hajatulia, mpeleke kwa daktari. Nakuomba kama mwenye mali, si kama mtoto.

Mimi nalala vizuri tu, usijali.

Cheche


20 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Lori limekuja mara mbili bila barua yako. Dereva anasema karakana iko wazi na wewe uko ndani, ila ulimwambia huna cha kuandika. Wewe? Wewe ambaye ukienda dukani kununua uzi unarudi na hadithi?

Sisemi lolote baya. Niambie tu yuko hai au hayuko. Nikijua naweza kufanya kazi. Nisipojua nachomelea huku mawazo yako kwako, na juu ya nguzo hiyo si salama.

Cheche


2 Juni

Mwanangu Cheche,

Yuko hai. Nimeanza na hilo ili uweke karatasi chini uvute pumzi, halafu uendelee.

Nami nilivuta yangu wiki iliyopita tu. Sikuandika kwa sababu sikutaka kukuandikia uongo, na ukweli ulikuwa bado haujaamua utakuwa upi. Hali zetu sasa ni njema. Fundi cherehani amenunua mkasi wake, nilidhani naota.

Kobe wako hakuingia kwenye kitanda kile hata mara moja. Nilikuwa nambeba namweka juu ya mahameli, anakaa kidogo kwa heshima, nikigeuza kichwa ameshuka. Nikadhani godoro ni gumu, nikalifungua nikaweka sponji laini. Akashuka. Nikadhani ni jembamba, nikaongeza. Akashuka, na sasa alikuwa anaanguka kwa sababu limekuwa refu. Mimi mwenyewe sasa nimekasirika, mteja gani huyu asiyesema panapomuuma. Barua yako ya Aprili ilinikuta katika hasira hiyo. Nikasema mahameli nitaitoa kesho, leo nina kochi la watu.

Kesho yake nikakuta kona ya godoro haipo. Mahameli ilikuwa imenyofolewa, sponji imenyofolewa, na Mheshimiwa amekaa pembeni ana nyuzi za dhahabu mdomoni. Baada ya hapo akaacha kula. Majani aliyageuzia kisogo, hata ua la boga alipendalo.

Nikampeleka kwa daktari wa nyuma ya soko. Nilikwenda kwa miguu yangu nimembeba kwenye kikapu, nimefunika kwa kanga ili watu wasione naenda wapi. Daktari ni kijana mpole, hakunisema. Alinionyesha jinsi ya kumkalisha kwenye maji ya uvuguvugu kila siku, kichwa nje, na kungoja. Akaniambia nimwache kwake kama nimechoka. Nikamwambia sijachoka. Akaniuliza basi atalala wapi akipona, maana yote mengine ni bure asipopata maficho. Mimi, fundi wa magodoro, kuulizwa mtu atalala wapi! Nilirudi nyumbani kichwa chini.

Nikamwogesha hivyo kila siku, na nakwambia sijawahi kungoja choo cha mtu kwa hamu namna ile. Mwishowe akanirudishia mahameli yangu. Nilifurahi nikamwita fundi cherehani aje aone, na yeye, masikini, akaja akaona.

Sasa sikiliza. Siku hiyohiyo mchana nimemweka juu ya meza ya kukatia nimkaushe, na mkono wangu kwa mazoea ukaenda chini yake kupima nafasi, kama ninavyompima kila anayelala pale. Nikagusa tumbo. Hapo nikasimama. Maisha yangu yote napima mgongo, na mgongo wa huyu uko juu. Miezi yote ile nilikuwa najaza sponji chini ya tumbo lake, mahali ambapo hana haja, na mgongo wake nimeuacha wazi chini ya kabati refu kama mtu aliyelazwa uwanjani. Yeye anataka kitu cha kumgusa kwa juu. Ulikuwa umeniandikia, mahali pafupi penye kumtosha kugeuka tu, nami nilisoma kwa macho lakini mikono ilikuwa haijasoma.

Basi nikapima upya. Nilichukua fremu ya kochi la zamani, mbao kavu isiyo na rangi wala dawa, nikaigeuza juu chini, nikakata miguu. Nikamwingiza, nikapitisha kiganja kati ya gamba na dari. Kiganja kilipita kwa ulegevu, nikamtoa nikakata tena. Nikarudia hivyo mpaka kiganja kikapita kwa shida kidogo, kama kinavyopita chini ya kiuno cha mtu aliyelazwa sawasawa. Mlango nimeutazamisha ukutani ili ndani pawe na giza. Juu nimefunika magunia. Ndani hakuna uzi, hakuna kitambaa, hakuna msumari unaochungulia, nimepapasa kote.

Na matandiko je? Nilinunua udongo mweusi kwa wauza miche, lakini peke yake ukikauka unakuwa tofali, ukilowa unakuwa tope. Nikawa nauminya mkononi na kunung'unika, huku nimekalia gunia la usumba. Cheche, usumba. Zile nyuzi za makumbi ya nazi ninazojazia magodoro tangu kabla hujazaliwa. Zinashika maji bila kuoza, zinaachia hewa, hazina harufu kali, na mtu akizichimba zinachimbika. Nilizipepeta nikatoa nyuzi ndefu zisimfunge miguu, nikachanganya na udongo, nikanyunyizia maji chini na kuacha juu pakavu. Niliminya konzi moja. Ilishikamana, nikaigusa kidole ikaachana. Nikajua hapo hapo.

Nimeweka sanduku kubwa la mbao lisilo na kifuniko kwenye baraza, nimelijaza mchanganyiko huo, fremu iko upande wa jua. Upande wa kivulini nimelaza nusu ya mtungi uliopasuka, kingo nimezisugua kwa jiwe, na humo malalo yana unyevu zaidi. Nikamweka katikati, nikakaa kwenye stuli mikono mapajani. Akanusa mtungi. Akanusa fremu. Akaingia kwenye fremu, akageuka ndani kwa ndani, nikasikia anachimba, udongo ukawa unarushwa nje. Kisha kimya. Sikumwona tena mpaka kesho yake alipotoka kula, na alikula kama mtu wa safari.

Daktari amekuja kuona. Alipiga goti, akatia mkono akachota, akaniuliza huu mchanganyiko ni wa nani. Nikamwambia ni wangu. Ananiomba niwatengenezee kobe wake wote. Kumbuka ni daktari yuleyule uliyetaka nimpelekee.

Jambo la mwisho. Lori hili limebeba godoro. Dereva wako amesema, bila mimi kumuuliza sana, kwamba unalala juu ya mbao za kumwagia zege na koti chini yako. Umeniandikia unalala vizuri tu. Nimeshona la usumba kwa chini na pamba kwa juu, kwa kukumbuka mgongo wako ulivyokuwa ulipoondoka. Ukilala, pitisha mkono chini ya kiuno uniambie unakuta nini.

Shangazi yako


30 Juni

Shangazi yangu,

Shikamoo mara nyingi. Barua yako niliisoma nimekaa juu ya godoro hilohilo, nikacheka pale pa fundi cherehani, na pale pa tumbo na mgongo nikarudia kusoma mara tatu. Nilijivunia wewe, sina neno jingine. Nimewasomea wenzangu. Msimamizi alisikia kwa mbali, akauliza kama shangazi yangu anatafuta kazi.

Nimepitisha mkono. Haupiti.

Sikukuambia nalala wapi kwa sababu ningekuambia ungekuja. Ungepanda lori na sindano zako, nami nilitaka watu hawa wanipime bila wewe nyuma yangu. Sasa wameshanipima. Tangu wiki jana mimi ndiye kiongozi wa kikosi cha wachomeleaji. Nimepewa chumba changu chenye mlango, na pembeni yake kuna kijiua cha udongo mwekundu, hakina zege. Daraja hili likiisha kuna jingine, na wameniomba nibaki miaka hiyo yote. Nimekubali.

Mwezi wa Septemba nina likizo. Nakuja. Kuna jambo nitakueleza nikifika.

Cheche


3 Oktoba

Shangazi,

Shikamoo. Nimefika salama, dereva hakunyamaza njia nzima. Daraja limekutana katikati nilipokuwa huko kwako, bila mimi, na wenzangu waliacha kiungo cha mwisho wazi ili nikifunge mwenyewe. Nimekifunga jana. Msimamizi alikuja na nyundo yake, akakiangalia kiungo, akairudisha nyundo kiunoni bila kugonga.

Nilikuambia kuna jambo nitakueleza, na siku zote zile sikueleza. Nawe hukuuliza, jambo ambalo si kawaida yako hata kidogo.

Lile sanduku la bati nililokuja nalo, lenye matundu ya hewa, nililolisukuma nyuma ya mlango wa chumbani nikasema ni la vifaa, halikuwa la vifaa. Nililichomelea mwenyewe kwa ajili ya safari ya Mheshimiwa. Nilikuja kumchukua. Nina ua, nina chumba, yeye ni wa baba na mimi ni mtoto wa baba, nilikuwa nimepanga maneno yote barabarani.

Halafu asubuhi ya pili nikatoka barazani nikakukuta umelala kifudifudi sakafuni, shavu juu ya saruji, unachungulia ndani ya fremu kwa tochi kupitia mwanya wa sanduku lake, unamwambia, "Mheshimiwa, leo jua limechelewa, usijisumbue kutoka." Hukujua niko nyuma yako. Sauti hiyo uliitumia kwangu mara moja tu, nikiwa na surua. Nilirudi ndani taratibu. Nikakaa kitandani nikaona kwamba sijui ningemtoaje mle, na ningekuacha na nini.

Sijui kama nilifanya vizuri kunyamaza. Mimi ndiye niliyetaka umpeleke kwa daktari kama mzigo, na ukanionyesha. Kwa hiyo nasema sasa kwa maandishi, ili usije kudai hukusikia: Mheshimiwa ni wako. Sikukuachia unitunzie, ni wako. Sanduku tupa.

Cheche


25 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba. Hongera kwa kiungo cha mwisho. Nimewaambia watu wote, na walionisikia jana nimewaambia tena leo. Daktari amekuja kuchukua fremu zake, na yule mama aliyetaka kitanda cha mjukuu sasa anataka kobe ili apate fremu. Mgongo wangu umepungua kuuma tangu nianze kulala juu ya godoro langu mwenyewe badala ya kuliuza.

Sanduku nililiona dakika ileile uliyoingia. Mimi natengeneza mahali pa kulala, unadhani sijui sanduku lenye matundu ya hewa ni la nani? Sikukuuliza kwa sababu ungeniambia ukweli, na ningekupa. Nilikuwa nimeshajiandaa. Chini ya meza ya kukatia kulikuwa na gunia la udongo na usumba, nimelichanganya nikalifunga kwa mshono wangu bora, na nje nimeandika jinsi ya kulinyunyizia maji, ili asifike huko akakuta malalo mageni. Kila siku ya likizo yako nilikuwa napita mbele ya meza ile na sketi yangu pana usilione. Ulipopanda lori huna kobe mkononi nilidhani umesahau, nikataka kukukimbilia. Miguu ikakataa kukimbia, Mungu anisamehe.

Sanduku silitupi. Nimepitisha mkono kwenye viungo vyako vyote, ndani na nje, na sikukwaruzwa popote. Baba yako angelishika hivyo hivyo. Daktari amelitamani, nimemwambia haliuzwi, limetengenezwa na kiongozi wa wachomeleaji.

Juzi nikalifungua gunia, nikammwagia Mheshimiwa lote kwenye malalo yake. Alichimba mpaka hakuonekana. Nilikaa kwenye stuli nikalia kidogo, nakwambia wewe tu.

Shangazi yako